Kadi ya Amina Tatu

Kahindo alikuwa akifungua mzigo wa kadi za memori kama mtu anayefunua sufuria iliyosahaulika jikoni wiki nzima. Kwanza anageuza uso pembeni. Kisha anarudi polepole, anachomoa kadi moja kwa ncha za kucha, anaisoma mbele, anaisoma nyuma, halafu anasonya. Msonyo wake ulikuwa mrefu na wa majimaji, na upande wetu wote wa soko la Bunia waliujua. Ukisikika tu, mtu anasema, "Ya Kahindo amefungua boksi," maana sokoni humwita Ya, dada mkubwa.

Mimi ni jirani yake wa meza. Naitwa Élise, ila sokoni ni Mama Ketsia, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nauza chaja, vifuniko vya simu na unite za kupigia. Yeye anauza kadi za memori, zile ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na hauzi kitu kingine. Miaka saba tumekaa chini ya bati moja tukila vumbi moja, na miaka yote saba nimesikiliza chuki yake. Anachukia kadi zilizoandikwa tera moja kwa wino wa dhahabu. Anachukia paketi zenye jina la kampuni kubwa lililokosewa herufi moja, na mnunuzi anayeona kosa lile akasema si kitu. Zaidi ya yote anamchukia Serge, wa meza ya tatu kutoka kwetu.

Serge ni mtanashati, shati limepigwa pasi, manukato tangu asubuhi. Mteja akirudi na malalamiko kwamba kadi haisomi, Serge anaichukua, anailamba upande wa shaba kwa ulimi wake mnene, anaipangusa kwenye paja la suruali na kuirudisha ndani ya simu ya mteja. Mara nyingine inasoma kweli. Mteja anashukuru na kuiweka simu ile sikioni.

"Mate!" Kahindo husema akijifunika mdomo kwa kitenge. "Batu banauziwa mate, na banasema aksanti."

Mwanzoni nilidhani anajidai. Wafanyabiashara wengi wametoka Butembo na begi moja kama yeye, wakapata meza, wakauza kilicholetwa. Ndivyo alivyoanza. Kadi zilikuja kutoka Kampala, zikapita Mahagi kwenye lori, zikafika, yeye akazipanga kwenye trei na kuziuza zikiwa zimeandikwa kilichoandikwa. Hakuuliza, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiuliza.

Kisha akaja Régine. Régine alikuwa amefunga ndoa, na ndugu yake alinunua kwa Kahindo kadi ya kupigia video ya harusi. Iliandikwa giga 32. Ndani yake zilikuwemo nne. Kanisa lilitoka vizuri, keki ilitoka, akina mama wakicheza walitoka. Baba mzazi aliposimama kumbariki binti yake, picha ikageuka kijivu na sauti ikakatika, na kijivu kile kikaenda mpaka mwisho. Miezi miwili baadaye mzee yule alikufa. Hapo ndipo Régine alipotafuta maneno ya baba yake na kukuta kijivu.

Hakupiga kelele, na naamini angepiga kelele Kahindo angebaki muuzaji kama sisi wengine. Aliiweka kadi juu ya trei, akasema, "Yaya, papa alisemaka maneno mingi siku ile. Weye uliniuzishia kimya." Akaondoka.

Siku hiyohiyo Kahindo alibeba boksi zima mpaka choo cha soko akalimwaga shimoni. Nilikuwa nimeshika mlango kwa sababu komeo lilikuwa limevunjika. Alisimama akitazama kadi zikizama mle ndani, na harufu ile, akasema, "Njo nafasi yake," yaani hapo ndipo mahali pake. Nilimwona kama mtu aliyerukwa na akili. Leo naona ilikuwa kazi safi kuliko yoyote niliyowahi kufanya pale sokoni.

Toka hapo akabuni njia yake. Kadi ya uongo haikatai kitu. Unaijaza, inakubali, inakuonyesha majina ya mafaili yote, na kumbe imeyameza. Ukitaka kuijua lazima uijaze mpaka mdomoni, kisha uende mwisho kabisa uone kama kilicho mwisho kipo. Kahindo alikuwa na kompyuta ndogo iliyochubuka pembe, na ndani yake nyimbo za kwaya ya parokia yao. Akatengeneza mafolda. Folda la 16 lilikuwa na nyimbo zilezile zikirudiwarudiwa kiasi cha kuijaza kadi ya 16, ibaki nafasi ya kupenyeza unywele. Hivyo hivyo la 32, hivyo hivyo la 64. Na mwisho wa kila folda aliweka wimbo mmoja, wa dakika tano, unaomalizika kwa ngoma kukatika ghafla na kwaya nzima kusema amina mara tatu.

Kadi ikija, anaijaza. Kisha anafungua wimbo wa mwisho na kuusikiliza wote, dakika tano, mkono shavuni, macho yamefumbwa. Amina ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zikisikika zote, kadi ni ya kweli. Anaifuta yote, anaitia kwenye bahasha, anaandika TUPU. Zisiposikika, anasonya, na kadi inaenda ndani ya kopo la maziwa kusubiri safari ya chooni.

Watu walicheka, kisha wakaanza kutoka mitaa ya mbali kumfuata. "Nipatie ya amina tatu," walisema. Wapiga picha, watu wa redio, madereva waliofunga kamera za barabarani kwenye magari yao. Serge aliwahi kusema kwamba za kwake zilikuwa na amina nne.

Jambo moja tu hawakumsamehe, lile la TUPU. Kwetu Bunia mtu akikuuzia kadi anakuwekea nyimbo, filamu kidogo, mahubiri. Ni matabishi, nyongeza ya heshima, kama muuza maharage anavyoongeza kiganja kimoja juu ya kipimo. Kumpa mtu kadi tupu ni kama kumkaribisha nyumbani usimpe hata maji. Kahindo hakujali. "Minauzisha kadi," alisema. "Nyimbo, aende kanisa."

Mwaka huu mume wangu Vital alihitaji kadi.

Vital anaendesha jeep ya abiria, Bunia na Komanda, kwenda na kurudi. Jeep si yake. Ni ya Mama Espérance, mwanamke mwenye magari manne na sauti ya kuamsha wafu, ambaye alichoka kusikia kila dereva akiapa kwa jina la mama yake kwamba kosa lilikuwa la mwingine. Akanunua kamera nne, zile za kubandikwa kwenye kioo cha mbele zikitazama barabara. Kila dereva alete kadi yake mwenyewe. Akawakusanya uani kwake akawaambia sheria moja: ajali ikitokea, kadi ifunguliwe. Ikionyesha dereva hana kosa, anaendelea. Ikionyesha ana kosa, au isipoonyesha kitu, funguo zinarudi.

"Sitaki mutu anieleze," alisema. "Kadi njo itanieleza."

Nina watoto wanne, na wote wanasoma kwa usukani ule. Chaja ninazouza zinaleta chumvi na sabuni. Kwa hiyo nilimwambia Vital asikanyage kwa Serge, aje kwa Kahindo.

Alikuja Jumanne mchana, kofia nyuma, haraka kama kawaida yake, abiria wakimsubiri.

"Yaya, nipatie kubwa," alisema. "Nasikia Serge iko na ya tera moja."

Kahindo alisonya mpaka kuku wa jirani akageuka. "Tera moja ya Serge! Ile ni huit giga, munane tu, yenye inavaa kanzu ya askofu. Shemeji, sikia. Telephone inaandika wakati inapenda. Unapiga mutoto photo, unafunga. Kamera ya motokari inaandika toka asubui mupaka mangaribi, inafuta, inaandika tena, na jua ya kioo inaipiga juu. Kadi ya kawaida utaiua na myezi mbili."

Akaweka tatu juu ya kitambaa. Ya kwanza alikuwa ameipokea siku hiyo, yenye maandishi mekundu yanayong'aa. Aliisugua kwa dole gumba na wekundu ukabaki doleni. "Rangi ya kucha," alisema, akajipangusa kwa chuki kama aliyekanyaga kitu. Ya pili ilikuwa ya kweli lakini ya simu. Ya tatu ilikuwa nyeupe, imefifia, haina urembo wowote, imeandikwa kwa herufi ndogo 64 na kwamba ni ya kamera.

"Ni hii. Soixante-quatre. Haiko muzuri kwa macho, lakini inavumilia."

"Soixante-quatre tu?"

"Inatosha. Ikijaa, kamera inafuta yake ya zamani..."

Hapo abiria wake mmoja alikuja kumvuta Vital shati, gari linaungua jua, mtoto analia, wanaondoka au hawaondoki. Vital akasema atapita Alhamisi kuichukua ikishapimwa, akakimbia. Kahindo akanigeukia mimi, kadi bado mkononi.

"Mama Ketsia, utamuelezea bwana yako. Kamera inafuta yenye iliandika yeye mwenyewe tu. Kitu ingine yenye ataikuta mule, haiguse. Njo maana napatiana tupu."

"Ndiyo, ya," nilisema.

Nilikuwa nikimwingizia mtu unite, namba yake ndefu, macho kwenye simu. Maneno yale Kahindo alikuwa ameyasema mbele yangu labda mara mia mbili, na mimi nilikuwa nimeyazoea kama redio ya jirani, nayasikia bila kuyasikiliza. Najichukia ninapoandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano aliipima. Amina tatu. Akaifuta, akaiweka kwenye bahasha: VITAL, TUPU. Alhamisi asubuhi alisafiri kwenda Komanda kwenye kilio cha shangazi yake, akaniachia meza yake na kompyuta, kama alivyoniachia mara nyingi.

Mchana soko lilipoa. Nilikuwa naitazama bahasha ile, na neno TUPU lilinikera. Mume wangu anakula vumbi la Komanda kila siku ya Mungu, na mimi, mke wake, tena niliyekaa katikati ya nyimbo zote hizi, nimpe kadi tupu? Wateja wa Serge wanapata matabishi na Vital wangu asipate? Nilidhani kamera ile ni kama simu yenye jicho moja, itawaimbia abiria njiani. Nikatoa kadi nikaichomeka. Kwenye kompyuta ya Kahindo nikaona mafolda ya nyimbo yana namba. Kadi imeandikwa 64. Nikachukua folda la 64. Mtu angefikiri vipi tena? Kiatu cha namba arobaini kwa mguu wa arobaini. Nikabonyeza, nikaenda kuuza chaja zangu, na jioni ilikuwa imemaliza kunakili. Imeingia yote barabara, nikafurahi jinsi ilivyoenea.

Vital alipopita nilimpa kadi nikamwambia, "Nimekuwekea nyimbo ya kwaya. Angalia usiifute."

"Aksanti, bibi yangu," akasema, akacheka. Akatemea mate kipira cha kamera ili kinate vizuri kwenye kioo. Nashukuru Kahindo hakuwepo kuona.

Kamera ilipowashwa mara ya kwanza ilimwuliza kwa Kifaransa kama aiformate kadi, yaani aifute yote ianze upya, ndiyo au hapana. Vital akakumbuka nyimbo za mke wake. Akabonyeza hapana. Taa nyekundu ikaanza kupepesa, inaandika. Jioni aliniambia nyimbo zimegoma kulia. Nikamjibu ziache tu, nyimbo za Mungu haziharibu kitu.

Wiki tatu taa ile ilipepesa.

Ajali yenyewe haikuwa hata ajali ya jeep. Vital alikuwa akitoka Komanda, mchana kweupe, na kijana wa pikipiki aitwaye Emery akawa anapita lori upande usio wake, kwenye kona. Alipoiona jeep alikata usukani kwa nguvu, akapaa, akaanguka mtaroni. Jeep haikumgusa. Vital anaapa, abiria wake wanaapa, na mimi namwamini kwa sababu nimelala na mtu huyu miaka kumi na minne na hajui kudanganya hata kuhusu chumvi ya mboga. Alisimamisha gari, akashuka, akamwona kijana mguu umekunjika mahali pasipo na goti. Madereva wengine walipunguza mwendo, wakatazama damu, wakaongeza mwendo. Vital alimbeba. Akawaomba abiria wabanane, akamlaza Emery kwenye kiti cha nyuma, na akaendesha saa nzima mpaka hospitali ya Bunia, kijana akipiga yowe kwenye kila shimo.

Kesho yake chama cha waendesha pikipiki kilifika polisi kusema jeep ilimsukuma. Emery mwenyewe, mguu kwenye plasta, alisema ndiyo, ilinisukuma. Aliyemwokoa! Nilitamani kwenda wodini nimtemee. Lakini Vital alikuwa mtulivu mpaka akaniudhi.

"Usichoke roho," aliniambia. "Kamera iliona."

Tulikutana ofisi ya polisi wa barabara saa nne asubuhi. Mama Espérance alikaa mbele, funguo za jeep mapajani mwake tayari. Mwakilishi wa pikipiki alisimama dirishani. Ofisa alikuwa mtu wa adabu, akampa Kahindo kiti, kwa sababu ndiye aliyekuja na kompyuta. Alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili. Hakuitwa kama shahidi, aliitwa kufungua kadi tu, lakini alikuwa ameketi wima kama mtu ambaye mtoto wake anakwenda kusoma shairi mbele ya wazazi.

Akachomeka kadi, akafungua. Skrini ikajaa nyimbo.

Zilishuka na kushuka, majina yaleyale. Mwisho wake kulikuwa na vipande sita vya video, kila kimoja dakika moja. Ofisa akasema vifunguliwe. Tukaona barabara ya mjini Bunia. Tukaona mbuzi. Mwanamke mwenye beseni la samaki wa ziwani akavuka. Lango la hospitali likafunguka, na mlinzi akapunga mkono. Yowe la Emery lilisikika nyuma, kisha video zikaisha.

Kwa hiyo hata mimi niliye mzito nikaelewa. Nyimbo zilikuwa zimekalia kadi nzima. Kamera iliachiwa dakika sita, ikawa inaandika na kujifutia katika dakika zake sita, wiki tatu. Vital angezima gari palepale kwenye kona, akamwacha yule mtu mtaroni kama wenzake walivyomwacha, kona ingekuwa ndani ya kadi. Alipomkimbiza hospitali, kila dakika ya kumwokoa ilifuta dakika ya ushahidi wake mwenyewe.

"Kadi imeharibika?" ofisa aliuliza.

Kidole cha Kahindo kilikuwa kimesimama pembeni ya skrini, kwenye safu ya tarehe. Nami nikaona anachokiona. Nyimbo zote zilikuwa na siku moja: Alhamisi, kuanzia saa nane mchana. Siku ya kilio cha Komanda.

Akashuka mpaka wimbo wa mwisho akaubonyeza.

"Mama, hatukuje huku kwa misa," alisema mtu wa pikipiki.

"Subiri," alisema Kahindo.

Wakasubiri wote. Sijui kwa nini ofisa alikubali, labda kwa sababu ya kitenge kile. Dakika tano. Kwaya ikaimba, nzi akatembea juu ya kalenda, Mama Espérance akachezea funguo. Vital alikuwa ananitazama. Alikuwa amekumbuka "angalia usiifute". Ilinipasa kusimama. Ilinipasa kusema neno moja tu, ni mimi, nami nilikuwa na dakika tano nzima za kulisema. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Ngoma zikakatika. Amina. Amina. Amina.

"Kadi haina kosa," alisema Kahindo. "Ni ya kweli. Kosa ni yangu. Nilipima na nyimbo, nikasahau kufuta."

Mama Espérance aligeuka na kiti chake. "Weye? Kahindo wa kadi tupu?"

"Miye."

"Na batu wote mu hii mji banaapa juu yako!" Sauti yake ilitoka mpaka barabarani, na najua ilitoka kwa sababu watu walichungulia. "Kumbe muko sawasawa, weye na bale banalamba."

Kahindo alipokea neno lile usoni kama lilivyokuja, bila kupepesa kope. Mama Espérance akamtupia Vital funguo mapajani. "Chauffeur aliuzishiwa bubaya. Siwezi kumulipisha kosa ya muuzaji. Arudie kazi. Lakini kadi ingine, tafuta pengine." Ofisa akaandika kwamba hakuna ushahidi wa upande wowote, akawataka wamalizane kwa amani. Mtu wa pikipiki akatoka akicheka. Vital alizishika funguo mikono miwili, akazitia mfukoni.

Nilimkimbilia Kahindo nje, chini ya ukuta.

"Ya Kahindo, ni miye. Nilitia nyimbo. Siku ile ya jeudi, weye ulikuwa Komanda..."

"Niliona tarehe."

"Nitarudi mule. Nitaambia Mama Espérance sasa hivi."

"Utamuambia nini? Kama kosa ni ya muuzaji, Vital iko na kazi. Kama kosa ni ya bibi yake, na yeye mwenyewe alikataa kuformater, funguo inarudi." Akafunga kompyuta ndani ya kitenge chake. "Kwako kuko batoto wane. Usiseme kitu."

"Lakini jina yako..."

Ndipo aliponitazama. Nimemwona akitazama kadi iliyotoka mdomoni mwa Serge, bado inang'aa mate. Alinitazama hivyo, kwa muda huohuo, kisha akageuza uso pembeni.

"Nimesema uongo mbele ya polisi," alisema. "Miye. Toka leo usiguse kompyuta yangu."

Imepita miezi minne. Vital anaendesha, watoto wanasoma, na kila asubuhi funguo zinapolia mezani nasikia kichefuchefu kidogo, kisha nakunywa chai. Vital hajawahi kutaja siku ile. Mara moja nilimwambia labda tumwambie Mama Espérance, akasema tungoje muhula uishe. Muhula umeisha, mwingine umeanza.

Kahindo bado ni jirani yangu wa meza. Bado anafungua boksi akigeuza uso, bado anajaza, bado anasikiliza mkono shavuni. Kopo la maziwa bado linakwenda chooni, ingawa sasa anakwenda nalo peke yake na kushika mlango mwenyewe kwa mguu. Kadi zake ni za kweli kama zilivyokuwa siku zote. Madereva wanapita mbele yake kwenda kwa Serge, na Serge analamba.

Juzi alisimama mama mmoja aliyetoka Mongbwalu, nguo bado nyekundu kwa vumbi la njia, anatafuta kadi ya kamera ya lori la mumewe. Aliziangalia bahasha zenye neno TUPU, kisha akamwangalia mwenye meza.

"Ni weye ule alisahauka kufuta?"

"Ni miye," alisema Kahindo.

Mama yule akairudisha bahasha kwenye trei kwa ncha za vidole. Nami, niliyekaa umbali wa mkono mmoja nikikunja waya wa chaja, nilisikia mdomo wangu ukisonya. Ulikuwa msonyo mrefu, wa majimaji, kama wa Kahindo mwenyewe, na haukumlenga mtu mwingine yeyote ila mimi mwenyewe. Yule mama alinigeukia akatikisa kichwa kwa kunielewa.

"Njo vile, mama," aliniambia. "Batu ya hivi banachukiza."

Akaenda kwa Serge. Kwenye kompyuta ya Kahindo wimbo ulikuwa unakaribia kuisha. Ngoma zikakatika, na tukazisikia zote tatu.